René Lalique alijifunza wapi kuipa pembe ya ng'ombe heshima ya dhahabu?

Mchonga Pembe, Nairobi

Wakubwa zangu na wenzangu wa jukwaa hili, nawasalimu kwa heshima.

Natengeneza herini, bangili na vitana vya kupambia nywele kwa pembe ya ng'ombe, pengine nikichanganya na shaba. Ufundi huu niliupatia katika karakana ya mtu, ambako kwa muda mrefu nilikuwa nikikata vifungo vya nguo na vijiko vya saladi vya kuuzia watalii, kabla sijaanza kuchora vitu vyangu mwenyewe. Sasa nimekubaliwa kushiriki katika maonyesho ya sanaa za mikono, na waandaaji wanamtaka kila fundi aandike maelezo mafupi kuhusu alikotoka kiubunifu na mambo yanayomsukuma kubuni. Ningependa kumtaja Mfaransa René Lalique, kwa sababu kazi zake ndizo zilizonifanya niamini kwamba pembe ya ng'ombe inaweza kukaa pamoja na dhahabu bila kuona haya, lakini sitaki kumtaja mtu kwa jina tu pasipo kujua alifikaje pale alipofika.

Kazi ninayoirudia kila mara ni lile taji lake la kichwa cha jogoo, lililohifadhiwa Lisbon. Kichwa ni cha dhahabu, kilemba kimetobolewatobolewa na kutiwa enameli (kioo cha rangi kinachoyeyushwa juu ya metali), mdomoni jogoo ameshika kito cha amethisti, na sehemu inayoingia kwenye nywele ni kitana cha pembe. Mimi huitazama sana hiyo sehemu ya chini. Fundi mwenye wateja wa aina yake angeweza kutia dhahabu mpaka mwisho, naye akaamua kutumia pembe. Hapa kwetu nikiweka kitana mbele ya mteja, neno la kwanza ni "hii si pembe tu?", na bei inaanza kushuka kabla hata hajakishika.

Naomba mnaoijua historia yake mnieleze. Alisomea kazi wapi, na kwa nani? Wale wadudu, maua na ndege aliwatoa wapi, maana nimewahi kusoma kwamba aliiga sanaa ya Japani na kuishia hapo? Tena ilikuwaje matajiri wa Paris wakakubali kulipia pembe?

Mwalimu wa Sanaa, Dar es Salaam

Dada Mchonga Pembe, nimefundisha historia ya sanaa kwa miaka mingi, na Lalique ni mmoja wa watu ninaopenda sana kuwasimulia vijana, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1860 katika mji mdogo wa Aÿ, eneo la Champagne, penye mashamba ya mizabibu. Wazazi wake walihamia pembezoni mwa Paris akiwa bado mdogo sana, lakini wakati wa likizo alikuwa akirudi Aÿ, na shuleni alijulikana mapema kwa kuchora. Baba yake alifariki mwaka 1876, na mama yake akampeleka kwa sonara Louis Aucoc wa Paris akawe mwanagenzi. Alikuwa na umri wa miaka 16. Mchana alijifunza kushika tupa na koleo, na jioni alihudhuria masomo ya kuchora katika chuo cha sanaa za mapambo. Mwaka 1878 alivuka kwenda Uingereza, akasoma kwa miaka miwili hivi Sydenham, kusini mwa London, katika shule ya sanaa iliyohusiana na jumba maarufu la vioo la Crystal Palace.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame kidogo. Akiwa na umri wa miaka 20 hivi, Lalique alikuwa na mkono wa karakana na jicho la mchoraji kwa pamoja, na hilo halikuwa jambo la kawaida katika nyumba kubwa za vito za wakati ule, ambamo mmoja alichora, mwingine akafua dhahabu, mwingine akapachika mawe, na jina lililoandikwa mlangoni likawa la mwenye duka. Aliporudi Paris hakukimbilia kufungua duka. Aliuza michoro kwa masonara wakubwa, wakiwamo Cartier na Boucheron, nao wakaitengeneza na kuiuza kwa majina yao. Mwaka 1885 aliichukua karakana ya Jules Destape iliyokuwa Place Gaillon, na hata baada ya hapo kwa miaka kadhaa kazi nyingi zilizotoka mikononi mwake ziliendelea kubeba majina ya wengine. Ni katikati ya miaka ya 1890 tu ndipo alipoanza kuonyesha kwa jina lake mwenyewe katika Salon, yale maonyesho makubwa ya kila mwaka ya Paris. Kwa hiyo ile karakana ya vifungo na vijiko iandike, tena iandike mwanzoni kabisa.

Kuhusu pembe, huwezi kuelewa uamuzi wake bila kuangalia almasi, na hapa historia inatugusa sisi Waafrika. Almasi ziligunduliwa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1867, machimbo ya Kimberley yakafuata, na katika muda mfupi mawe yaliyokuwa adimu yakafika Ulaya kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Masonara wa Paris wakazoea kutengeneza mapambo ambayo karibu yote ni almasi, huku dhahabu au fedha ikibaki kama uzi wa kuyashikilia mawe. Kito kikapimwa kwa uzito wa mawe yake, na mchoraji akawa mtu wa kupanga mawe kwenye mistari. Lalique alikuwa amezifanya kazi hizo mwenyewe na alizijua vizuri, naye akageuka. Akachukua opali, enameli, kioo, pembe ya ng'ombe, vitu ambavyo thamani yake ya sokoni ilikuwa ndogo, na akamlazimisha mtazamaji aulize kimebuniwaje badala ya kuuliza kina uzito gani. Katika Salon ya 1897 alionyesha vitana vya pembe na vya pembe ya ndovu, na mwaka huohuo akatunukiwa nishani ya Légion d'honneur.

Sasa wateja. Mmoja wa watu waliomsaidia sana kujulikana ni mwigizaji Sarah Bernhardt, ambaye Lalique alimtengenezea mapambo ya jukwaani. Pambo la jukwaani lazima lionekane na mtu aliyekaa safu ya nyuma kabisa, na mimi naamini kwamba kazi hizo zilimzoesha kubuni kwa ukubwa na kwa umbo linalosomeka kwa mbali, ambapo aina ya malighafi si jambo la kwanza. Mwingine ni Calouste Gulbenkian, Muarmenia aliyezaliwa katika milki ya Waturuki na kutajirika kwa biashara ya mafuta, ambaye tangu mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa mteja na rafiki yake, akinunua kazi moja baada ya nyingine. Taji la jogoo unalolipenda liko katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Lisbon, lililofunguliwa mwaka 1969, pamoja na lile pambo la kifuani la mwanamke kereng'ende la mwaka 1897 au 1898 hivi.

Kazi hiyo ya kereng'ende naomba niielezee, maana ndani yake majibu yako yote yapo. Ni kubwa kuliko kiganja cha mkono, upana wake ukiwa takriban sentimita 26. Kutoka katika kinywa cha mdudu anachomoza mwanamke wa jiwe la kijani, kichwa na kifua tu, na mikono yake imekuwa mabawa. Chini kuna makucha mawili ya dhahabu, mazito, ya mnyama wa kutisha. Mabawa yameungwa kwa bawaba ili yafuate mwili wa mvaaji anapopumua na kutembea, na enameli yake haina bamba la chuma nyuma, imejaza nafasi zilizo kati ya nyuzi za dhahabu tu, kwa hiyo mwanga unapita kama kwenye dirisha la kioo cha rangi. Almasi zimo pia, ndogondogo, zimetawanywa kwenye mishipa ya mabawa, zikifanya kazi ya umande. Ukiitazama hiyo unaelewa kwamba mtu huyu hakuichukia almasi. Aliipa tu nafasi ya chini ya ile ya bawa.

Baada ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, ambako watu walisongamana mbele ya kabati zake, waigaji walitokea kila mahali. Hatua kwa hatua yeye mwenyewe akahamia kwenye kioo. Karibu mwaka 1907 alianza kufanya kazi na mtengeneza manukato François Coty, mwaka 1909 akakodi kiwanda cha kioo Combs-la-Ville, na maonyesho yake ya 1912 yalikuwa ya kioo peke yake. Vijana wengi leo wanamjua kwa chupa na vyombo vya maua vya kioo, wala hawajui kwamba alianza na vito.

Fundi wa Pembe, Kampala

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake. Mimi nachonga pembe za ng'ombe wa Ankole, na ningependa kuongezea upande wa mikono, kisha nipingane kidogo na hao wanaosema kwamba aliiga Japani na kuishia hapo.

Dada, wewe unajua kwamba pembe haina tabia moja. Nchani ni ngumu na imejaa, shinani ni uwazi uliofunikwa kwa ganda jembamba, na rangi inabadilika kutoka maziwa hadi moshi hadi nyeusi katika pembe moja. Tunailoweka na kuichemsha mpaka ule mfupa wa ndani uachie, tunaipasua, tunaipasha moto katika maji au mafuta mpaka ilegee, kisha tunaibana kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya chuma na kuiacha ipoe ikiwa imebanwa, la sivyo itarudi kujikunja. Ukifika hapo una bamba. Wengi wetu tunaishia kwenye bamba nene, tunalikata umbo, tunapiga msasa, tunang'arisha kwa nta, na tunaliuza likiwa linang'aa kila upande.

Vitana vya Lalique vinanifundisha jambo jingine. Yeye aliipunguza pembe mpaka ikaanza kupitisha mwanga, lakini aliipunguza kwa viwango tofauti katika kipande kilekile, hivyo ukingo wa petali ni mwembamba unaowaka na kitovu cha ua kimebaki kinene na cha kivuli. Kung'aa hakukukimbilia. Sehemu nyingi aliziacha na uso mkavu, zikiwa zimetiwa rangi hafifu, kwa sababu uso unaong'aa sana unarudisha mwanga machoni na kuficha uchongaji. Katika karakana yake kulikuwa pia na mashine ya kukerezea iliyoweza kufuata kielelezo kikubwa na kukitoa kikiwa kidogo, mashine iliyokuwa ikitumiwa na watengenezaji wa nishani na sarafu. Alitengeneza kielelezo kikubwa, mashine ikakipunguza kwenye pembe, halafu mkono wa fundi ukamalizia. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kutumia mashine kunamwondolea fundi hadhi yake. Lalique hakuona hivyo, na kazi zake hazijapungukiwa na kitu.

Kuhusu Japani, ni kweli kwamba tangu biashara ya Japani na nchi za Magharibi ilipofunguka katika miaka ya 1850, vyombo, vitambaa na picha za Kijapani ziliingia Paris kwa wingi, na mfanyabiashara Siegfried Bing aliyekuwa akiviuza ndiye aliyefungua mwaka 1895 duka lililoitwa L'Art Nouveau, jina ambalo mtindo mzima wa sanaa wa Lalique na wenzake ulikuja kulichukua. Wajapani walikuwa na utamaduni mkongwe wa vitana vya mbao, pembe na gamba la kasa, vyenye tawi moja linaloanzia pembeni na kuacha nafasi kubwa tupu. Huwezi kutazama kitana cha Lalique usiione athari hiyo. Hata sonara mwenzake, Lucien Gaillard, alifikia hatua ya kuwaajiri mafundi wa Kijapani katika karakana yake ya Paris.

Lakini angalia mimea na wadudu wenyewe. Nyigu, kereng'ende, majani ya mzabibu, maua ya vichakani, mbegu zenye mabawa zinazoanguka kwa kuzungukazunguka: hivyo ni vitu vya mashambani kwao, ambavyo mtoto wa Aÿ aliviona kwa macho yake na akaendelea kuvichora akiwa mtu mzima. Hakuchagua ua lililochanua peke yake. Alichora chipukizi, alichora jani lililokauka na kujikunja, alichora kitu kikiwa kinaelekea kufa. Japani ilimpa ruhusa ya kupanga hivyo vitu kwa namna ambayo Ufaransa haikuizoea, na ilimwonyesha kwamba pembe inaweza kustahili kazi ya mwezi mzima. Vitu vyenyewe alivitoa nyumbani.

Binti Sonara, Lamu

Assalaam alaykum nyote. Nimesoma kwa furaha, na nina neno kwa dada yangu wa Nairobi, kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba ya masonara na nimeona vijana wetu wengi wakiandika maelezo ya namna hii huku macho yao yako ng'ambo peke yake.

Hicho mnachomsifia Lalique, yaani kuchukua kitu cha bei ndogo na kukipa ufundi wa bei kubwa, pwani yetu inakijua. Nenda kwa mafundi wa fedha wa Lamu utaona pete ambazo kito chake ni kipande cha chombo cha kaure kilichovunjika. Vyombo hivyo vililetwa na merikebu kutoka China na kwingineko, wazee wetu wakavipachika katika kuta za nyumba na kwenye makaburi, na vilipovunjika vipande vyake viliokotwa ufukweni na katika magofu. Fundi anakichagua kipande chenye ua la buluu au hata nusu ya jani, anakisaga ukingo taratibu kwa kuwa kaure hukatika bila kutoa taarifa, kisha anakizungushia fedha. Kwa uzito hakina thamani yoyote. Mtu anainunua pete ile kwa ajili ya lile jani la buluu, na kwa ajili ya jicho la aliyeliona.

Fedha yenyewe kwa muda mrefu ilitoka kwenye sarafu. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka pwani yote na Bara Arabu, ndiyo iliyoyeyushwa ikawa vikuku, mikufu na vipini. Na kama unataka pembe, unayo siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na urefu wake unapita mita mbili, iliyopulizwa katika sherehe za watawala na harusi za wakubwa. Mafundi walioichonga waliitia nakshi. Sikuambii uige siwa. Nakuambia kwamba utakapoandika kuwa Lalique ndiye aliyekufundisha kwamba pembe ina heshima, msomaji wa pwani atajiuliza ulikuwa wapi.

Na hapohapo Nairobi kwenu yupo Ami Doshi Shah, aliyesomea usonara Birmingham, Uingereza, akarudi nyumbani akafanya kazi kwa shaba, kamba ya mkonge na hata chumvi, akiiacha chumvi ile ibadilishe rangi ya metali. Mikufu yake ya mwaka 2019 ilionyeshwa katika maonyesho ya mitindo ya Afrika yaliyofunguliwa mwaka 2022 katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Mkonge na chumvi! Lalique mwenyewe angeketi kuitazama kazi ile.

Ushauri wangu ni kwamba Lalique abaki katika maelezo yako, kwani umejifunza kwake kweli na ukweli ndio unaotakiwa, lakini asitangulie mbele yako. Watueleze macho yako yanatazama nini ukitoka nyumbani asubuhi.

Mchonga Pembe, Nairobi

Shukrani zangu ni nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Mwalimu, habari ya almasi za Kimberley sikuwa naijua, na imenibadilishia namna ninavyolitazama lile taji. Dada wa Lamu, neno lako limeniingia, na nimekaa jioni nzima nikilifikiria.

Ninachokichora zaidi kuliko kitu kingine, ukweli ni mabawa ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, wanazunguka taa ya mlangoni kwetu usiku, na asubuhi sakafu imejaa mabawa waliyoyaacha, mepesi, ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na rangi hiyo ndiyo rangi ya pembe ya ng'ombe ikipunguzwa vya kutosha. Nimekwisha chonga kitana kimoja chenye mabawa manne yaliyolaliana, yote yakikaribiana urefu, na sikuwahi kudhani kwamba jambo hilo lina nafasi katika maelezo rasmi. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe:

"Nilianza kazi kwa kukata vifungo na vijiko vya pembe katika karakana ya Nairobi, na huko ndiko nilikojifunza kuipasha, kuibana na kuipiga msasa. Msukumo wangu unatoka katika uzuri wa asili ya Afrika. Pembe ninazotumia zinatoka machinjioni, na mabawa ninayochonga ni ya kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua. Kutoka kwa sonara Mfaransa René Lalique nilijifunza kuipunguza pembe mpaka ipitishe mwanga, na kuiacha ionekane kuwa ni pembe hata inapokuwa kando ya dhahabu."

Swali langu la mwisho ni kuhusu lebo. Je, niandike "pembe" tu, au nifafanue?

Mwalimu wa Sanaa, Dar es Salaam

Fafanua, tena kwa herufi zinazosomeka. Andika "pembe ya ng'ombe" kila mahali, na ukijua ni ng'ombe wa aina gani andika pia. Lalique alitumia pembe ya ndovu katika kazi nyingi, likiwamo taji lake zuri la ua la okidi, na tusimfiche msomaji kwamba sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizofika Ulaya wakati ule ilitoka Afrika, na kwamba Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za biashara hiyo. Tangu mataifa yalipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, mnunuzi anayesafiri anayo haki ya kujua anabeba nini, na Kenya hasa, iliyochoma tani 105 za pembe hizo tarehe 30 Aprili 2016, haina sababu ya kuacha jambo hili likiwa na utata. Lebo isiyo wazi inaweza kukupotezea mteja mwenye nia njema, au kumletea usumbufu forodhani.

Katika maelezo yako, iondoe sentensi ya pili. Uzuri wa asili ya Afrika ni maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika, na sentensi inayofuata yenye machinjio na kumbikumbi tayari imeyasema kwa namna ambayo ni wewe peke yako ungeweza kuisema. Mengine yaache yalivyo.

Fundi wa Pembe, Kampala

Nakubaliana na Mwalimu. Nami nina jambo moja tu kuhusu kitana chenyewe, kwa kuwa kitashikwashikwa na watu siku nzima ya maonyesho. Hakikisha nyuzi za pembe zinakwenda kwa urefu wa bawa, kutoka shinani hadi nchani, kwa mabawa yote manne. Ukilikata bawa kwa kukingama na nyuzi litapendeza kwenye meza yako, lakini pale ulipolipunguza zaidi litapasuka kwa kubanduka tabaka, hasa likipata jasho la mikono na kisha kukauka. Lipake mafuta mepesi usiku wa kuamkia maonyesho, lifute vizuri, na uliweke mahali ambapo mwanga wa dirisha unatokea nyuma yake.

Binti Sonara, Lamu

Na bei uiandike kwenye lebo kabla mtu hajaanza kuuliza, dada yangu. Uihesabie saa za kuchora pamoja na saa za kuchonga.